Tumbili, Ng'ombe Mchafu na Kerneli Yangu

Ilikuwa tarehe 29 Juni, saa kumi na mbili kasorobo jioni, na saiba yangu hapa mjini Embu ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, na Mkenya kamili huanza kuitafuta nywila yake jioni ya kuamkia siku ya mwisho. Nilikuwa na watu kumi na mmoja kwenye viti vinane. Shosho mmoja alikuwa amekalia katoni ya karatasi za kuchapishia na kusinzia juu yake, kwa hiyo kila nilipoishiwa karatasi ilibidi nimwamshe kwa heshima zote.

Mimi nina kaugonjwa kangu. Nikiketi mbele ya kompyuta kubwa, ile inayowagawia wenzake intaneti, vidole huandika amri ya kusasisha kabla akili haijafika kazini. Siku hiyo viliandika tena. Mashine ikatafuta, ikahesabu, ikanijulisha kwamba kuna kerneli mpya, kisha ikauliza kama iendelee. Y au n.

Zitazame vizuri hizo herufi. Y ni kubwa, n ni ndogo. Ni kama mama wa Kimeru anayekuuliza kama utakula, na sahani ya mukimo iko tayari mkononi mwake. Swali limeulizwa kwa adabu, lakini jibu limeshapakuliwa.

Kidole changu kikabaki kinaning'inia hewani. Nyuma yangu alikuwa amesimama guka mmoja wa upande wa Manyatta, mteja wangu wa miaka mingi.

"Kijana, mbona umenyamaza? Imekataa?"

"Haijakataa, guka. Inauliza kama niibadilishe kerneli."

Guka akasogea karibu, akapunguza sauti ili wengine wasisikie. "Kumbe hata nyinyi mnanunua? Kilo ni ngapi?"

Usimcheke. Huku kwetu, kuanzia miteremko ya Embu hadi Imenti, neno hilo lina wenyewe. Wakulima wa makadamia wanaopeleka kokwa kiwandani wamelisikia miaka mingi kabla yangu: kerneli ni kile kiini cheupe kinachobaki ganda likishapasuliwa, na ndicho chenye pesa. Ilinibidi nimweleze kwamba yangu ni ya kompyuta, haiuzwi, inatolewa bure. Akanitazama kwa huruma.

"Ya bure. Sasa umejuaje kama imekomaa?"

Nikakosa jibu.

"Ya makadamia," akasema, "unaitia majini. Iliyokomaa ina mafuta, inaelea. Changa inazama. Hiyo yako itie majini tuone."

Nimesoma mengi kuhusu Linux tangu nianze kazi hii, na sijakutana na mtu aliyeliuliza swali la kerneli vizuri kuliko yule mzee.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia matatani na kitu hiki, nieleze kidogo. Kerneli ni ile programu inayokaa katikati ya vyuma na programu nyingine zote. Wewe unaiona skrini, unaona herufi zako, unadhani unazungumza na printa. Huzungumzi na printa. Unazungumza na kerneli, nayo ndiyo inayojua printa iko wapi. Ni kama makanga kwenye matatu: dereva ndiye anayeonekana kwa kioo, lakini anayejua nani akae wapi, nani hajalipa na mzigo wa nani umezuia mlango ni makanga. Siku makanga akizimia, gari lina injini, lina mafuta, lina dereva, na haliendi popote.

Linux yenyewe, tukisema kweli, ni jina la kerneli tu. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, aliitangaza tarehe 25 Agosti 1991 kama kazi ya kujifurahisha. Leo ina zaidi ya mistari milioni 30, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Katikati hapo marekebisho madogo humiminika karibu kila wiki, na Greg Kroah-Hartman, anayeyasimamia, kwa miaka mingi amekuwa akiyatangaza kwa kusema kwamba kila anayetumia mfululizo huo ni lazima asasishe. Kila mtu. Lazima. Nikisoma matangazo yake huwa nasikia sauti ya chifu barazani: kila mtu lazima achimbe choo, kila mtu lazima apande miti. Wananchi wanapiga makofi, halafu wanarudi kuchuma majani chai.

Mimi niliingia kwenye Linux kwa sababu ya ufukara, wala sioni haya kusema. Kompyuta zangu nane zilikuwa zimeshatumika Ulaya hadi zikachoka, na leseni ya mfumo wa kulipia ingenigharimu zaidi ya kompyuta yenyewe. Zamani watu wa Ubuntu, wanaogawa Linux bure, walikuwa wanakutumia CD kwa posta bila kukudai hata senti. Nikaagiza, na siku bahasha ilipofika nilikaa siku mbili nikingoja nitumiwe na bili. Haikuja. Tangu hapo mimi ni mtu wa pengwini wa Linux.

Lakini hofu yangu ya ile Y ina tarehe yake, nayo ni Jumanne, 7 Juni 2016.

Asubuhi ile saiba ilikuwa tulivu. Nikasema hii ndiyo nafasi, ngoja nisasishe kabla msimu wa ritani haujachacha. Nikabonyeza Y kwa kidole cha mtu asiyejua maisha. Mistari ikateremka. UPS ilikuwepo, lakini betri yake ilikuwa imekufa mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nikiitumia kuwekea chupa ya chai. Saa tano na nusu hivi, kazi ikiwa ukingoni kabisa, stima ikapotea.

Nikatoka nje kuangalia kama ni mimi peke yangu. Kinyozi wa jirani alikuwa nje na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Wa mashine ya kusaga alikuwa nje. Tukasimama tukitazamana kama watu waliofukuzwa kwenye sherehe. Hapo tulidhani ni Embu tu. Baadaye simu zikaanza kulia: Nairobi hakuna, Mombasa hakuna, Meru hakuna. Nchi nzima ilikuwa imezimika.

Jioni redio ikatueleza. Tumbili mmoja alikuwa amepanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akateleza, akaangukia transfoma. Transfoma ikakatika, mitambo mingine ikaelemewa, megawati zaidi ya 180 zikatoweka, na Kenya ikakaa bila umeme kwa zaidi ya saa tatu. Sasa elewa uchungu wangu. Gitaru ni pale pale chini kwetu. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa yote matano yale ya mto Tana, yanagusa kaunti ya Embu. Umeme unatoka kwetu, na hata tumbili aliyeuzima alikuwa wa kwetu.

Habari ikamalizia kwamba tumbili alipona na kuchukuliwa na wahudumu wa wanyamapori. Kerneli yangu haikupona.

Stima iliporudi niliiwasha ile kompyuta. Ikanguruma, ikatoa orodha fulani ya mistari michache, nikabonyeza Enta upesi kwa kuwa sikuwa na muda wa orodha, kisha skrini ikajaa maandishi meupe, na mwishowe ikaganda. Miongoni mwa maneno yale niliona "panic". Mteja mmoja akaniomba nimtafsirie. Nikamwambia kerneli imeingiwa na kihoro. Akaniuliza kama kinaambukiza, akaondoka bila kungoja jibu.

Niliijaribu mara kumi na mbili. Kila mara orodha ile, kila mara Enta upesi, kila mara kihoro.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliitazama kwa sekunde tano akasema tufute kila kitu, tuanze upya. Ni mtu mwema, na angemwambia hivyo hata mgonjwa wa meno. Lakini kwenye diski ile kulikuwa na vyeti vya watu nilivyokuwa nimevipiga skani, na, lililo kubwa zaidi, daftari langu la madeni. Kuna watu katika mji huu ambao wangefurahi sana kusikia kwamba lile daftari limefutika. Nikakataa.

Nikampigia mpwa wangu, wakati huo akisoma mambo ya kompyuta kule Nchiru, Meru. Mtandao ulikuwa unakatika. Nilimsikia akisema: "Mjomba... lete... kompyuta... Meru." Basi. Mtu wa damu yako akikwambia lete, unapeleka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa stendi ya Embu nimeikumbatia CPU ndani ya shuka la Kimaasai. Makanga akaniuliza kama ule ni mzigo au abiria. Nikasema ni mzigo. Akasema mzigo hupanda juu ya gari. Nikasema hauwezi kupanda juu. Akasema kama hauwezi kupanda juu basi ni abiria, nao abiria hulipa. Nikailipia CPU nauli kamili, nikaiweka kando ya dirisha. Huko Runyenjes akapanda mama mmoja na kuku wawili, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole: "Ni mtoto?" Nikamwambia ni kompyuta. Akasema pole, kwa sauti ile ile ambayo angesema pole kwa mtoto.

Barabara ya Embu kwenda Meru anayeijua anaijua. Inateremka mtoni, inapanda, inateremka mto mwingine, Thuci, Chuka, Igoji, kona juu ya kona, na kila kona nilikuwa nasikia diski yangu ikilalamika ndani ya shuka. Tulipita Nkubu, kisha kile kibao cha Ikweta kinachowafanya wageni washuke kupiga picha. Kompyuta ilikuwa imetoka Kusini mwa dunia na kuingia Kaskazini. Haikuonekana kujali.

Pale Makutano, Meru, mpwa wangu alinipokea akiwa amefungua mdomo.

"Mjomba, hiyo ni nini?"

"Si ulisema niilete?"

"Nilisema usilete! Nilisema usilete kompyuta mpaka Meru, chagua tu mstari wa pili!"

Mtandao ulikuwa umekula silabi mbili. "Usi" peke yake. Kwa sababu ya "usi", nilikuwa nimelipa nauli ya watu wawili, na bado kulikuwa na kurudi.

Tuliazima skrini kwenye duka la mpiga picha. Kijana akaiwasha. Ile orodha ikatokea, ile ile niliyokuwa nikiisukuma kwa Enta kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Akanishika mkono. "Soma, mjomba." Nikasoma. Mstari wa kwanza, Ubuntu. Mstari wa pili ulisema kuna chaguo nyingine za Ubuntu. Akauingia, na humo ndani, zimepangwa kwa namba kama nyumba za mtaa, zilikuwemo kerneli zangu: ile mpya iliyoharibika, na chini yake ile ya zamani, haijaguswa hata kidogo. Akaichagua ya zamani. Kompyuta ikawaka. Haikufika hata dakika moja.

Alichonieleza tukinywa chai ni kwamba Linux ikileta kerneli mpya haiitupi ya zamani. Kazi ilikuwa karibu imalizike: jina la mpya lilishaandikwa kwenye orodha ya kuwashia, ila kile kifurushi chake cha safari, chenye funguo za kuifungulia diski, kilikuwa bado hakijatua vizuri umeme ulipokatika. Mgeni alifika mlangoni bila ufunguo akapatwa na kihoro. Mwenyeji wa zamani alikuwa nyuma ya nyumba wakati wote, anaota moto.

Mfano huo ni wangu, na nausimamia. Ukipita kwenye boma nyingi za Embu na Meru utaona nyumba ya mawe, mabati yenye rangi, na nyuma yake ile ya zamani ya mbao. Hakuna aliyeibomoa. Ndiyo jiko, ndiyo ghala, ndipo wazee wanapokaa Julai baridi ikichachamaa. Mtu akijenga ya mawe na kuibomoa ya mbao siku hiyo hiyo, kabla hajalala humo hata usiku mmoja wa mvua, majirani hujua kwamba pesa zimemwingia kichwani.

Niliporudi Embu nilikula kiapo cha kutosasisha tena. Nilikitimiza kwa miezi minne.

Oktoba mwaka huo huo mpwa akapiga simu, safari hii mtandao ukiwa mzima. "Mjomba, kuna ng'ombe mchafu kwenye kerneli."

Nikamwambia simu za mzaha apige usiku. Lakini haukuwa mzaha. Kulikuwa kumegunduliwa tundu ambalo wataalamu waliliita Dirty COW, na ng'ombe wao wakamchorea hata picha. Tundu hilo lilikuwa wazi tangu 2007. Miaka tisa. Linus mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kujaribu kuliziba miaka kumi na mmoja kabla, na dawa yake haikufaa. Mtu yeyote mwenye ruhusa ndogo tu ya kutumia kompyuta angeweza kupitia hapo akawa bwana wa mashine nzima.

Sasa fikiria saiba. Watu wenye ruhusa ndogo tu ya kutumia kompyuta ndio biashara yangu. Nina kijana anayelipa shilingi moja kwa dakika, anakaa saa tatu, na simjui jina. Nilimtazama siku hiyo nikaona pembe.

Kiswahili nacho hakikunisaidia. Nilipotafuta ruhusa ya kubaki na kerneli yangu, niliambiwa nisiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilipotafuta ruhusa ya kusasisha, niliambiwa nisipoziba ufa nitajenga ukuta. Na yule aliyesema kipya kinyemi ingawa kidonda, mpaka leo sijui alikuwa upande gani. Wahenga walitaga mayai kila pembe ya nyumba, wakatuachia sisi kazi ya kutafuta pa kukanyaga.

Nilisasisha. Usiku, saiba imefungwa, UPS imetiwa betri mpya, chupa ya chai imehamishwa. Nikabonyeza Y na kushika tama. Mashine ikafanya kazi kidogo ikasimama: nafasi imekwisha. Kumbe baada ya safari ya Meru nilikuwa nimezipenda kerneli za zamani kupita kiasi. Kila mashine iliponishauri niondoe zisizohitajika, nilikataa, maana mstari wa pili ndio ulioniokoa. Nilikuwa na tisa, zote za kabla ya kile kiapo. Zilikuwa zimejaa kwenye kile kichumba cha kuwashia kama nyumba tisa za mbao kwenye shamba la robo ekari, na ya mawe haina pa kujengwa. Nikaanza kubomoa moja moja, na kwa usingizi nikataka kuibomoa hata ile iliyokuwa ikitumika saa ile. Mashine ikaniuliza, kwa herufi kubwa kidogo, kama nina hakika. Nadhani hiyo ndiyo huruma pekee niliyowahi kuiona kwenye kompyuta.

Saa nane usiku kerneli mpya ikawaka. Kila kitu kikafanya kazi isipokuwa kile kijiti cha waifai, ambacho dereva yake niliwahi kuitengeneza kwa mkono na sasa ilikuwa haimtambui mwenye nyumba mpya. Nikaitengeneza tena hadi majogoo. Nilishinda, kwa maana ile ya mtu aliyelipa deni kwa kukopa.

Ungedhani baada ya hapo nimekuwa mtu wa kusasisha kila siku, na kwamba nitakushauri ufanye vivyo hivyo. Ngoja. Machi 2022 likatangazwa tundu jingine, likaitwa Dirty Pipe. Mimi na mpwa tukaliita Bomba Chafu. Liligunduliwa na Max Kellermann, na lilikuwa limeingia na kerneli 5.8. Mimi, mwenye bidii, nilikuwa na 5.13. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajui hata pa kuitazamia namba ya kerneli yake, alikuwa bado na 5.4. Yeye hakuhusika. Alikuwa salama kwa sababu ya uvivu, na mimi nilikuwa hatarini kwa sababu ya bidii, na alipokuja kuniuliza mbona sijalala nilimwambia ni mbu.

Na Desemba 2023 watu wa Debian, ambao nao hugawa Linux, walilazimika kuahirisha toleo lao la 12.3 kwa sababu kerneli iliyokuwemo, 6.1.64, ilikuwa na hitilafu iliyoweza kuharibu mafaili ya watu. Hao ni Debian, wazee wa baraza, watu wasiotoa kitu hadi kiive. Kama wao walipasua ganda wakakuta kiini kichanga, mimi wa saiba ni nani?

Kuhusu stima sina la kusema, ila hili. Tarehe 25 Agosti 2023, usiku, nchi nzima ilizimika tena, safari hii kwa saa nyingi. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Linux, anatimiza miaka 32. Nilikuwa nyumbani, sikuwa nikisasisha chochote, na bado niliamka kwenda kuhakikisha.

Sasa turudi tarehe 29 Juni. Y au n. Watu kumi na mmoja, shosho kwenye katoni, guka nyuma ya bega langu akingoja niitie kerneli majini.

Nilimpigia mpwa. Siku hizi ana kazi yake huko Meru mjini, ana mke, na bado hupokea simu yangu mlio wa kwanza. Nilimweleza. Akaniuliza kama kuna tundu jipya linalotisha. Nikasema sijasikia. Akaniuliza tarehe.

"Ishirini na tisa, Juni."

Kimya. Kisha akasema, polepole, akitenga kila silabi kama mtu anayemwandikia mtoto ubaoni: "Mjomba. U-si-gu-se."

Hiyo "usi" niliisikia vizuri.

Nikabonyeza n. Ile ndogo, ambayo hakuna mtu anayeiona. Guka akauliza kama imezama. Nikamwambia imerudishwa mtini ikomae.

Ritani yake ilipita saa moja na dakika kumi usiku. Akalipa, akakunja karatasi yake mara nne, akamwamsha shosho akamsindikiza hadi stendi. Mimi nikabaki na waliobaki hadi saa nne, na wote walipita, isipokuwa yule kijana wa dakika, ambaye hakuwa na ritani. Alikuwa amekuja kwa mechi.

Kerneli ile ya Juni niliipokea Jumamosi ya pili ya Julai, betri imejaa, kerneli mbili za zamani nyuma ya nyumba na hakuna ya tatu. Iliwaka mara ya kwanza. Kijiti cha waifai kilikataa, kama kawaida yake.

Nawe mwenye ritani, nakuomba usinijie tarehe 30. Ukija, na ukinikuta nimeikodolea macho skrini nyeusi yenye mistari michache, keti kwenye katoni na usinisemeshe. Nitakuwa nasoma mstari wa pili.